Mwalimu, nikikimbia pumzi inakata kabla sijafika popote

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 39, naishi Tabata. Kazi yangu ni uhasibu, kutwa nzima niko kwenye kiti. Mwaka huu nilikwenda kupima presha nikakuta 146 kwa 92. Niliporudi kupima tena ilikuwa haijashuka sana. Daktari hakunipa dawa. Aliniambia nipunguze chumvi, nipunguze uzito na nianze mazoezi, kisha tuonane baada ya miezi mitatu. Nikamuuliza kama naweza kukimbia, akasema naweza, ila nianze taratibu. Taratibu yenyewe ni ipi, hapo sikuuliza.

Kukimbia ni ndoto yangu ya siku nyingi. Ile video ya mkimbiaji wetu Alphonce Simbu akimpita Mjerumani kwenye mstari wa mwisho wa marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, nimeiangalia sijui mara ngapi, na kila mara machozi yananilengalenga. Basi nikanunua raba, nikanunua na trakisuti.

Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi na moja na nusu, nikajifunga kanga juu ya trakisuti ili majirani wasielewe ninakokwenda. Nilipofika kwenye kona nikaivua kanga, nikaikunja mkononi, nikaanza kukimbia. Mwalimu, sikufika mbali. Kutoka kona ile hadi kwenye transfoma ya mtaa wetu ni kama mita mia mbili. Nilipofika pale moyo ulikuwa unapiga hadi nausikia masikioni, koo linawaka, kichomi kimenishika ubavuni, na mdomoni nina ladha kama ya chuma. Nikashika ukuta wa watu nisianguke. Pale kwenye transfoma kuna kijiwe cha bodaboda, vijana wanakuwepo tangu alfajiri. Mmoja akaniambia, "Mama, tukupakie?" Wenzake wakacheka. Nikajifunga kanga yangu nikarudi nyumbani.

Nilijaribu tena siku zilizofuata, hali ni ile ile. Mara nikaanza kusikia maumivu kwenye mifupa ya mbele ya miguu, chini ya magoti, miguu yote miwili. Jumamosi moja shoga yangu akanipeleka kwenye klabu ya jogingi ya mtaa wa pili. Wamevaa tisheti za njano, wanaimba, wamechangamka. Nilikwenda nao hadi kwenye mataa, baada ya hapo nikabaki peke yangu nasikia nyimbo zao zinaishia mbele. Nililia, sikufichi.

Mume wangu si mtu mbaya, ila anasema niache kabla sijadondoka barabarani. Anasema kukimbia ni kwa waliozoea tangu utotoni, na kwamba nitasaga magoti bure.

Naomba uniambie ukweli. Je, kuna miili haikuumbwa kukimbia? Nimechelewa? Magoti yatasagika? Na wale vijana nifanye nao nini, maana sina njia nyingine ya kutokea? Nilitamani siku moja niende Moshi nikakimbie zile kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon. Nalo hilo inabidi nilisahau?

Mama wa Wawili, Tabata, Dar es Salaam


Marahaba mwanangu, na pole sana.

Umeniomba ukweli, nami nakupa. Mwili wako hauna kasoro yoyote katika haya uliyoyaeleza. Unakimbia mbio kubwa mno, basi. Koo kuwaka, ladha ya chuma mdomoni, moyo kupiga hadi masikioni ndani ya mita mia mbili: hivyo ndivyo anavyokuwa mtu aliyetoa nguvu zake zote. Uliuomba mwili wako mbio za kumkimbia mbwa, nao ukakupa mbio za kumkimbia mbwa. Hata mwanariadha akianza asubuhi yake namna hiyo, atashika ukuta wa watu kama ulivyoshika wewe.

Kuhusu ile taratibu ya daktari, nitakuonyesha ilipo, kwa sababu uliwahi kuijua. Ulisoma shule ya msingi, bila shaka ulikimbia mchakamchaka. Mmoja mbele anaanzisha, ninyi wote mnaitikia, wengine peku, wengine ndala wamezishika mkononi, vumbi limewafika magotini. Nimefundisha michezo shule ya msingi kwa miaka mingi na mchakamchaka huo nimeuongoza asubuhi nyingi. Zile nyimbo zilikuwa na kazi. Mtu anayeimba hawezi kukimbia kupita pumzi zake, kwa hiyo wimbo ndio ulioshika kasi ya shule nzima, darasa la kwanza hadi la saba. Niliposikia waitikiaji wa nyuma wamenyamaza nilijua tumekwenda haraka, nikapunguza mpaka sauti zikarudi. Watoto wanene walikuwemo, wenye mafua walikuwemo, na wote walirudi wakiwa wamekimbia.

Hiyo ndiyo kasi yako. Ukikimbia, imba kwa sauti ndogo, au ongea peke yako, au soma dua, chochote chenye maneno. Maneno yakianza kukatika katikati, umezidisha, punguza. Yakikatika tena, tembea. Usiangalie saa wala usipime umbali kwa sasa. Huenda kasi hiyo ikawa sawasawa na ya mtu anayetembea haraka kuwahi daladala, na anayetembea akakupita. Mwache apite. Hatua ziwe fupi, mguu utue chini ya mwili wako na si mbele yako, mabega yalegee, na ngumi usizikaze. Shika vidole kana kwamba una yai. Nimewaona wanaoanza wengi, na karibu wote huanza kuchokea kwenye mabega kwa kuyapandisha hadi masikioni.

Umemtaja Simbu, na mimi pia ushindi ule ulinigusa. Alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda mmoja na yule Mjerumani, Amanal Petros, wakatenganishwa na sehemu ndogo sana ya sekunde. Ukigawanya, ni kama dakika 3 na sekunde 5 kwa kila kilomita. Wewe ukikimbia kilomita kwa dakika 8, 9, hata 10, unakimbia, na hakuna mwenye haki ya kukwambia vinginevyo. Kuna jambo ambalo video za mashindano hazionyeshi. Ukienda kwenye barabara za vumbi za Iten kule Kenya asubuhi, utawakuta mabingwa wa dunia wanaanza mazoezi kwa mwendo wa kukokota miguu, wanapiga soga. Sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki ni za namna hiyo. Mbio kali ni za siku chache.

Sasa kwa nini unaishiwa pumzi mwanzoni kabisa, hata kabla hujachoka miguu? Ukianza kukimbia, misuli inadai oksijeni papo hapo, lakini moyo na mapafu huchukua kama dakika mbili au tatu kufikia kiwango kinachodaiwa. Katika dakika hizo kuna pengo, na pengo hilo ndilo linalokunyonga. Wewe umekuwa ukitoka kitandani, kona, mbio, na kusimama kabla mwili haujafika. Jiko la mkaa huwezi kuliinjikia sufuria dakika ile ile unayowasha kiberiti. Kwa hiyo anza kwa kutembea dakika kumi kamili, tano za kawaida, tano za haraka hadi usikie joto mgongoni. Dakika hizo kumi usiziruke hata siku unapochelewa. Bora upunguze mbio.

Kabla sijafika kwenye ratiba, tuzungumze presha. Umefanya vema kumuuliza daktari, na wasomaji wengine wenye presha, kisukari au moyo nao waulize kabla ya kuanza. Mazoezi ya namna hii yakifanywa kila wiki huweza kushusha ile namba ya juu kwa pointi 5 hadi 8 hivi kwa mtu mwenye presha ya kupanda, na hilo ni jambo kubwa kwa dawa isiyouzwa. Lakini siku ukipima ukakuta imepanda sana, tuseme 180 kwa 110, hakuna kukimbia, rudi hospitali. Na ukiwa njiani ukasikia kifua kinabana, maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, kizunguzungu, au macho yanaingia giza, simama, kaa chini, omba msaada. Hayo hayavumiliwi. Kuhema hakumo humo. Kuhema ni kazi ya mapafu, na kichomi cha ubavuni nacho huondoka ukitembea huku unatoa pumzi ndefu taratibu.

Haya, ratiba. Wiki hii usikimbie kabisa. Mifupa ya miguu inauma, nayo imekuomba likizo. Mpe mwili siku saba au kumi za kutembea tu, nusu saa kila siku kama unaweza, mpaka ukibonyeza mfupa ule wa mbele kwa kidole usisikie kitu. Maumivu yakiwa yametandaa mguu mzima wa mbele, pande zote mbili, yanatokana na kuanza kwa kishindo na yatapoa. Yakikusanyika mahali pamoja padogo pa mfupa, yakakuuma hata ukiwa umelala, usikimbie, mwone daktari.

Yakishapoa, chagua siku tatu zisizofuatana. Kwa mtu wa kazi za ofisini Jumanne, Alhamisi na Jumamosi hufaa. Tembea zile dakika kumi. Kisha kimbia kwa mwendo wa mchakamchaka dakika moja, tembea dakika mbili. Rudia mara nane. Malizia kwa kutembea dakika tano hadi mlangoni. Jumla haifiki hata dakika arobaini, na ndani yake umekimbia dakika nane, ambazo leo huzifikishi hata kwa wiki nzima. Dakika moja itakuwa rahisi, utatamani kuendelea. Usiendelee. Simama ukiwa bado una hamu; hamu hiyo ndiyo itakayokutoa kitandani Alhamisi.

Ukiona raundi ya nane umeimaliza huku bado unaimba, wiki inayofuata kimbia dakika mbili, tembea mbili, mara sita. Kisha tatu kwa mbili. Kisha tano kwa mbili. Kila ngazi inaweza kuchukua wiki moja, inaweza kuchukua tatu. Ukishindwa, rudi ngazi ya chini, kaa hapo, panda tena. Na kuna siku itakuwa nzito bila sababu unayoiona: hukulala vizuri, uko kwenye siku zako, mtoto alikuwa na homa usiku. Siku hiyo tembea tu, uihesabu kuwa umefanya.

Usione kutembea katikati ya mbio ni kushindwa. Jeff Galloway, aliyeiwakilisha Marekani katika mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alijenga mbinu nzima juu ya kukimbia na kutembea kwa zamu, na watu wengi mno wamemaliza marathoni kwa mtindo huo. Na ile ratiba ya wiki 9 ya kumfikisha asiyewahi kukimbia kwenye kilomita 5, ambayo leo hata huduma ya afya ya taifa ya Uingereza inaitumia, ilitungwa mwaka 1996 na Mmarekani Josh Clark akimfikiria mama yake mzazi, mama wa miaka hamsini na ushee. Wiki yake ya kwanza ni sekunde 60 za kukimbia na sekunde 90 za kutembea. Kwa hiyo swali lako la kuchelewa limejibiwa na mama huyo. Wewe bado una miaka zaidi ya kumi ya kumfikia. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea haraka kumo katika hesabu hiyo. Hakuna hatua yako hata moja inayopotea.

Kuna mtego mmoja nataka uujue mapema. Moyo na mapafu hujifunza upesi. Baada ya wiki tatu hivi utashangaa: ngazi za ofisini unapanda huku unaongea na simu. Lakini mifupa na kano, zile kamba zinazoshikiza misuli kwenye mfupa, huchukua miezi. Ndiyo maana watu wengi huumia katika mwezi wa pili, wakati pumzi zimekuja na furaha imewajaa, wakaamua kukimbia kila siku. Wewe kaa kwenye siku zako tatu mpaka miezi mitatu iishe, hata ukijisikia unaweza kuruka ukuta.

Magoti. Mume wako hayuko peke yake, nchi nzima inaamini hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti mbalimbali, ulikuta kusagika kwa magoti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kwa ajili ya afya na burudani, na asilimia 10.2 ya wale wanaokaa tu. Wakimbiaji wa mashindano ndio waliokuwa juu zaidi, asilimia 13.3, lakini hao hukimbia mwendo ambao mimi na wewe hatutaukaribia. Gegedu la goti, ule mto laini ulio kati ya mifupa, linapenda kazi ya kiasi. Linaloliumiza ni uzito kuongezeka huku misuli ya mapaja ikizidi kudhoofu, na hayo mawili yanatokea kwenye kiti. Ukitaka kuyasaidia magoti yako, jioni ukiwa unasubiri wali ukauke, kaa na kuinuka kwenye stuli bila kushika kitu, mara kumi, pumzika, rudia mara kumi tena.

Raba hukuniambia ni za aina gani, na nina wasiwasi nazo. Madukani zimejaa raba za mtoko, soli pana na ngumu, nzuri na suruali ya jinzi, mbaya kwa kukimbilia, na mifupa ya mbele ya mguu ndiyo hulipa. Ichukue raba yako uikunje. Ikikunjika kwenye vidole, pale mguu unapokunjika, ni nzuri. Ikikunjika katikati kama ndala, au isipokunjika kabisa, iache. Bonyeza soli ya ndani kwa kidole gumba: ibonyee kidogo na irudi. Mbele ya kidole kirefu kibaki kinafasi cha upana wa kidole gumba. Pale Karume kwenye mitumba utapata raba za kukimbilia ambazo hazijaliwa hata soli. Zigeuze uone kama zimelika upande mmoja, na uende mchana, miguu ikiwa imevimba kidogo. Na wanawake tuambizane: tafuta sidiria ya michezo inayobana vizuri, kwa sababu kuna wengi wanaoacha kukimbia kwa maumivu ya matiti wakidhani wamechoka. Mapaja yanayosuguana yapake mafuta ya mgando kabla ya kutoka.

Hali ya hewa ya Dar nayo si ya kupuuzwa. Kati ya Desemba na Machi hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Moyo utapiga zaidi kwa mwendo ule ule uliouzoea Julai. Usidhani umerudi nyuma, punguza tu. Kunywa maji ukiamka na ukirudi. Saa kumi na moja na nusu bado ni giza, ningependa usubiri angalau uone uso wa mtu anayekuja mbele yako. Vaa kitu cheupe, kaa upande wa kulia wa barabara ili magari yaje ukiwa unayaona, na mtu wa nyumbani ajue umepita wapi.

Tuje kwenye wale vijana, maana nahisi wao ndio wanaokurudisha nyumbani kuliko hata pumzi. Ukifuata ratiba hii, kwenye transfoma utakuwa ndani ya dakika zako kumi za kutembea. Utapita pale unatembea, umefunga kanga yako ukipenda, na mbio zitaanzia mbele ya safari. Na usipite kimya. Ukiwa bado hatua kadhaa kabla hujawafikia, wasalimie wewe kwanza, kwa sauti: "Vijana, mmeamkaje?" Nakuhakikishia shikamoo zitatoka. Kijana akishakuamkia hawezi kukucheka dakika hiyo hiyo, na akikuamkia asubuhi kadhaa mfululizo anaanza kukuuliza siku usipoonekana. Nao ndio walio macho mtaani saa hizo. Mama anayekimbia peke yake alfajiri anahitaji watu wanaomjua barabarani. Huenda hata ile "tukupakie" haikuwa na ubaya uliousikia wewe ukiwa umeshika ukuta. Wapo watakaocheka kwa ubaya, wanawake wenzio wamo pia, na neno bonge litaruka. Linauma, sitakudanganya. Lakini kwa mwendo wa mchakamchaka utakuwa unapumua vizuri, na mtu mwenye pumzi zake ana uwezo wa kuendelea na safari.

Mume wako anaogopa kukupoteza, nami namwelewa. Amesikia presha, akakuona unarudi umepauka. Usibishane naye. Mwambie akusindikize zile dakika kumi za kutembea Jumamosi, aone unavyoondoka na aone unavyorudi. Wengi wa waume wanaosindikiza huishia kutafuta raba.

Klabu ya jogingi usiitupe. Dar tumebahatika kuwa nazo karibu kila mtaa, na siku nzuri hakuna kitu kinachobeba mtu kama zile nyimbo. Tatizo ni kwamba kasi yao inawekwa na waliozoea, walioko mbele. Subiri ufike ngazi ya dakika tano, kisha umtafute kiongozi wao siku moja kabla, umwambie wewe ni mgeni na una presha, unahitaji mtu wa kubaki nawe nyuma. Kiongozi mzuri atakupa mtu. Asipokupa, ujue klabu ile si yako, kuna nyingine. Shoga yako naye mwambie ukweli, kwamba unahitaji wa kukimbia kando yako. Kukupeleka tu hakutoshi.

Kuhusu uzito, neno moja: wiki sita za kwanza mzani huenda usisogee, na njaa itaongezeka. Usipande mzani kila asubuhi. Kata soda, punguza chumvi kama daktari alivyosema, na jipime kwa ngazi za ofisini.

Na Moshi nenda. Mbio zile hufanyika mwishoni mwa Februari, kwa hiyo rudi nyuma wiki kumi na sita, hapo ndipo pa kuanzia mazoezi yake, na jisajili mapema. Katika kilomita 5 wamo watoto, wamo wazee, wamo wanaotembea mwanzo mwisho. Wewe kwa kukimbia na kutembea kwa zamu unaweza kumaliza ndani ya saa moja bila kujiumiza. Pale watakapopiga filimbi, kundi zima litachomoka mbio mbio, na miguu yako itataka kuchomoka nalo. Wewe imba. Baada ya kilomita mbili utaanza kuwapita wengi wao wamesimama pembeni, wameshika viuno.

Daftari dogo liweke kando ya kitanda, uandike tarehe, ulichofanya, na presha mara moja kwa wiki, asubuhi, umekaa, kabla ya chai. Nenda nalo kwa daktari miezi mitatu ikitimia. Na mimi niandikie ukifika ngazi ya tatu kwa mbili, uniambie wale vijana wa transfoma wanakuitaje siku hizi.